Kiti cha Tuqa na Chupa ya Mafuta ya Ful

Jumamosi, 6 Januari

Kwa jina lake Mola, aliyeotesha mti kabla ya kumuumba seremala. Nimemaliza kiti! Na kimeza chake. Mbao ya zani, ule mti mgumu wa Ulaya, mabaki ya kitanda cha bibi harusi mmoja. Nimeyaomba kwa Bayumi. Seremala ni yeye. Mimi ni fundi wa vanishi tu, mwaka wa thelathini na mbili huu, nang'arisha walichochonga wengine.

Bayumi kaja kukagua. Kakipindua kiti juu chini kama daktari wa mifugo. "Miguu mitatu mizuri sana, Mitwalli," kasema. "Huu wa nne umeuokota wapi?" Nimemwambia mjukuu wangu hata miaka miwili hajafika, haendi nacho vitani. Kweli kinayumba kidogo. Kidogo sana!

Kimebaki kupakwa. Hapo hakuna wa kunifundisha katika mji mzima wa Dumiati. (Astaghfirullah. Majivuno. Lakini ni kweli.)

Jumatatu, 8 Januari

Binti yangu Rawya kapiga simu kutoka Mansura. Mke wangu Insafu akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Tuqa wake anaota magego, anatafuna kila kitu, juzi katafuna rimoti. Tukacheka. Nikamwambia mwanangu habari za kiti.

Nikamsikia akimtoa Tuqa kitu mdomoni.

Kisha kwa adabu — na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma — akasema nisijisumbue, kaona cha plastiki dukani, cha pinki. Nikasema changu nitakipaka mara saba, kitang'aa kama kioo. "Baba," akasema, "ukikipaka nitakipokea. Ila kitakaa roshani. Ndani hakiingii. Na sababu unaijua."

Naijua. Karakana yangu ilikuwa chini ya chumba chake. Thina, vanishi, spiriti, mchana kutwa. Mtoto anakohoa, mimi nasema ni baridi ya bahari. Mwaka aliolazwa mara tatu, daktari aliushika mkono wangu akaunusa. Nilihamisha karakana Rawya akiwa na miaka tisa. Nimechelewa miaka tisa.

Na nilikuwa nang'arisha nini wakati huo? Makochi ya maharusi. Mengine mpaka leo yamevikwa nailoni, hakuna aliyeyakalia. Mwanangu mwenyewe alikuwa anakalia kreti la soda.

Ee Mola, nisamehe. Kiti hiki kitaingia ndani.

Alhamisi, 11 Januari

Vibao vya majaribio vimejaa jikoni. Insafu ndiye hakimu, na hana huruma.

Cha kwanza nimekipiga gomalaka, yale magamba ya utomvu wa wadudu yaliyoyeyushwa kwa spiriti, kwa kitambaa na mkono, kama alivyonifunza marehemu baba. Kinawaka kama asali! Insafu akatua glasi ya chai juu yake. Alipoiinua — duara jeupe. "Mtoto hanywi chai," nikamwambia. "Ila anakojoa," akasema.

Vanishi ya kopo, ile ngumu: chai imeshindwa kuitia alama, ufunguo umeshindwa kuikwaruza. Lakini harufu yake inanipokea ngazini kabla sijafika mlangoni. Ya maji je? Muuzaji kaapa haina harufu. Ipo. Ndogo, lakini ipo, na pua ya Rawya si pua ya watu wote. Kibao cha nne nilikiacha kitupu, Insafu akakimwagia mchuzi wa majani ya mlukhia. Kimekuwa kijani kama chura, na hakisafishiki.

Nimekaa chini. Fundi wa miaka thelathini na mbili, kashindwa na kiti cha futi moja!

Ijumaa, 12 Januari

Alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Asubuhi, kabla ya swala, tumekaa kwenye ful yetu, maharage ya kupondwa ya kila asubuhi. Mkate, ndimu, bizari, na yale mafuta ya mbegu za kitani juu yake. Nikamwaga chai kwenye kibao cha Insafu cha kukatia mboga. Huku chai ikanywewa na mbao. Kule pembeni — ikasimama! Matone matone, kama jasho kwenye paji la uso. Ni pembe ambayo chupa ya mafuta imesimama miaka kumi na mitano, ikidondoka kidogo kidogo.

Mafuta ya kitani! Wazee walipaka milango kwayo. Nayajua tangu mdogo, lakini kwangu mimi yalikuwa chakula, yana sahani yake. Sikuwahi kuyafikiria na brashi. Yananywewa na mbao, yanagandia humo humo. Na mtoto akiyalamba, kala kifungua kinywa!

Nikaubusu mkono wa Insafu, ukiwa na ful. "Umerukwa na akili," kasema. "Na mkate umeuangusha."

Jumapili, 21 Januari

Mkono wa tatu wa mafuta. Unapaka kidogo, unafuta, unangoja. Halafu unangoja tena. Kwa unyevu wa bahari hii, ndevu zangu zinakauka haraka kuliko hiki kiti. Nimekipandisha darini kwenye jua.

Vitambaa vya kufutia navianika kimoja kimoja kwenye kamba. Ukivirundika na mafuta haya vinajipasha moto vyenyewe, hata kuwaka. Sasa jirani anauliza kama nimekuwa dobi.

Insafu: "Chupa ya pili hiyo! Ful tuile na maji?"

Bayumi kaja tena, kasimama kwenye ngazi ya dari. "Nasikia umeacha kupaka viti, siku hizi unavipika. Kikiiva niite, nije na mkate."

Jumatano, 31 Januari

Mikono mitano, na nta ya nyuki juu. Hakiwaki kama kioo. Kina mng'ao wa mkono wa mtu aliyetoka kutawadha. Chai — hakuna kitu. Achari ya zambarau, saa nzima — hakuna kitu! Ufunguo umekikwaruza, nikasikitika. Nikasugua tone la mafuta, mkwaruzo haupo. Hakikatai jeraha, lakini kinakubali dawa.

Tatizo ni moja. Kinanuka? Mimi sijui. Pua yangu ilikufa zamani, imezikwa kwenye kopo la thina. Insafu kanusa, kasema kinanukia ful. Lakini Insafu akikupenda anakudanganya kidogo.

Siku tisa zaidi za jua. Naswali, na kwenye sujudu namtaja Rawya, kisha nakitaja na kiti. Natumaini hakuna ubaya.

Ijumaa, 9 Februari

Naandika jikoni, ubavuni mwa sufuria ya bata.

Wamefika baada ya swala. Tuqa kaingia kwa miguu yake mwenyewe! Hakunisalimu. Kakiona kiti, kakizunguka, kakizaba kofi. Hakukikalia. Kakiinamia — akaking'ata! Kwenye ukingo wa mgongo, kwa nguvu zake zote. Nimepima chai, nimepima achari, nimepima ufunguo. Meno sikuyapima!

"Tuqa, toa mdomo!" Rawya kapiga kelele. "Baba, umekipaka nini?"

"Mafuta ya ful, mwanangu. Na nta."

"Baba, mimi sitanii."

"Wallahi. Muulize mama yako, mwezi mzima tunakula ful kavu."

Akanitazama. Mimi nikamtazama, mpaka Insafu akanisukumia huku jikoni: "Baba Rawya, hebu mwache mtoto apumue! Umemkodolea macho kama askari wa mpakani."

Nachungulia kwenye ufa wa mlango. Rawya kapiga magoti. Mkono mmoja kauweka kifuani, pale pale alipokuwa akiuweka tangu ana miaka minne. Kashusha pua mpaka kwenye kiti, kando ya alama za meno. Tuqa kasimama anamwangalia mamake, mate yanamdondoka.

Insafu ananong'ona niweke kalamu nipakue bata, vitunguu vinaungua. Viungue!

Rawya kavuta pumzi. Kavuta tena, ndefu zaidi, macho kayafumba.

Hajakohoa. Mimi huku ndiye nimeibana pumzi yangu —