Supu ya kwato na ini la Kasereka

Jumapili, baada ya mvua. Barabara ya Vulamba imekuwa tope tupu, na mimi nimerudi nyumbani na ladha ya supu ambayo sikustahili kuinywa.

Kasereka, mdogo wangu, anaugua ini. Tumbo lake hujaa maji. Daktari wake wa Beni humtoa maji hayo, humpa dawa, na amemkataza chumvi.

Juma lililopita nilikaa naye nikaanza kufundisha, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimesoma juu ya watafiti wanaokuza seli za ini ndani ya visahani. Seli ya ini, nikaeleza, ni kama maharagi ya kupanda mitini ya kule Musienene: yakikosa mti wa kushika, hulala chini yakaoza. Kwa hiyo watafiti huitandikia seli utando laini, ipate pa kushika na kukua. Masika, mke wa Kasereka, akauliza utando huo unatoka wapi. Nikajibu kwa furaha: mwingine hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, kama ule ute unaoganda supu ya kwato ikipoa.

Sikusema kwamba hayo ni mambo ya maabara tu. Nilipenda namna walivyonitazama.

Leo nimekuta sufuria kubwa jikoni kwao.

"Yaya, karibu! Hii njo ile dawa yako," Masika alisema, akinipa bakuli; huniita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wa mumewe. "Inashikisha maini. Anakunywaka asubui na mangaribi."

"Siku nitalia mooo," Kasereka alitania, "munipeleke ku soko ya Musienene. Lakini musiniuzishe bei ya chini!"

Tulicheka. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma. Nikauliza lini wanakwenda Beni.

"Beni ya nini tena?" Masika alisema. "Siku ya daktari ilikuwa juzi, tuliacha. Weye njo ulitufungula macho."

Supu ilikuwa na chumvi nyingi.

Nilipaswa kuweka bakuli chini palepale. Supu ya kwato ikifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine chochote. Haiendi kutandikwa kwenye ini la mtu. Hata mwanafunzi mvivu niliyepata kumfundisha biolojia angeliwaambia. Mimi nilimaliza bakuli, nikashukuru, nikaaga. Masika alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu mumewe augue, na niliogopa kuwa mtu wa kuizima.

Afadhali ningekuwa sijui kitu. Asiyejua halaumiwi kwa supu ya mtu.

Kesho nitakuwa mlangoni kwao kabla Masika hajawasha makaa. Nitasema kosa ni langu, si lake, na tutapanda gari kwenda Beni sote watatu, hata kama njia nzima hatanisemesha.

Lakini najua ataniuliza kitu kimoja kwanza, akiwa bado ameshika mwiko: "Sasa Yaya, hii maini itashika wapi?"

Nitamjibu nini, bila kuanza kufundisha?