Nafasi ya Uhazili Wampe Mwingine

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kwanza nakuulizia goti. Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Sisi hapa hatujambo. Baba anashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, presha ya Mama imeshuka, na mdogo wangu Kidomo sasa anaongea hata akiwa usingizini. Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka, ndiyo maana leo nakuandikia kirefu.

Majibu ya chuo cha uuguzi yalibandikwa Jumatano. Sikuchaguliwa. Hii ni mara ya tatu, wala usijifanye hukuhesabu. Tulioomba tulikuwa elfu moja na mia tisa, nafasi arobaini. Nimewekwa kwenye orodha ya akiba, namba kumi na saba, yaani mpaka wenzangu kumi na saba wajitoe ndipo niitwe. Nani ajitoe? Labda wote waanze kuogopa damu siku moja.

Namna nilivyoangushwa ndiyo inayoniwasha. Mtihani wa maandishi nilipita, na ile kemia iliyonitoa jasho miaka miwili nilipata alama ambazo Baba aliziandika mlangoni kwa chaki yake ya kukatia nguo. Ikabaki vitendo. Tuliingizwa ukumbini watano watano, kila mmoja akapewa kitanda na sanamu ya plastiki ya ukubwa wa mtu. Kazi ni kubadilisha shuka mgonjwa akiwa amelala, dakika nane, kimya. Shangazi, mimi ni mhudumu wa wodi mwaka wa tano huu. Kazi hiyo naifanya huku nawaza mengine. Basi nikavuta pazia, nikaiinamia ile sanamu, nikasema, "Mama, samahani, nakugeuza upande wa ukutani. Shika hapa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi, mama mmoja wa miwani, akaja mpaka kitandani kwangu.

"We binti, unaongea na nani?"

"Na mgonjwa, Mwalimu."

"Hiyo ni sanamu. Na mmeambiwa kimya."

"Nikizoea kumgeuza huyu bila kumwambia, kesho nitamgeuza mtu hivyohivyo."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Ningekuwa na akili unazonitakia wewe, ningefunga mdomo. Lakini nilipomgeuza upande wa pili nilimwambia tena, na nilipomfunika nikampa pole. Wamenikata alama kumi. Aliyechaguliwa wa mwisho amenizidi alama nne.

Sasa kila mtu ananiambia nimejiponza mwenyewe. Baba amenuna. Sista wa wodi yetu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza kwa upole ningepungukiwa nini kunyamaza dakika nane tu. Nikaenda kulia stoo ya mashuka. Ndiyo, nililia, sifichi. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Baadaye nikanawa uso nikarudi wodini kugeuza wagonjwa, na kila mmoja nilimwambia kabla sijamgusa.

Tuje kwenye nafasi ya chuo cha uhazili. Najua ulivyohangaika kunitafutia, ukapigia simu hata watu ambao hutaki kusikia sauti zao. Ahsante sana, inatoka moyoni. Najua pia ulimwambia Mama kwamba miaka ishirini na sita si umri wa kugombania madawati na watoto waliomaliza shule juzi. Kuchosha kunachosha. Mwaka jana nilikonda mpaka sketi ikawa inanizunguka kiunoni. Yote hayo ni kweli, na bado sitaki. Kazi ya watu siidharau. Ila nitachapa barua za ofisi huku masikio yangu yako wodini, na bosi atanifukuza kwa haki.

Ulitaka nithibitishe kabla ya Ijumaa. Shangazi, jana nimewapelekea barua kwa mkono wangu kwamba nafasi hiyo wampe mwingine. Nimefanya hivyo kabla ya kukuandikia, tena makusudi. Nakujua. Ungepiga simu, ungelia, nami ningelegea. Fomu za uuguzi zinatoka tena Januari. Nitajaza ya nne, na ikibidi ya tano. Wakichoka kuniona, dawa wanayo wenyewe: wanichukue.

Nisalimie Mzee wako, na binamu yangu Dereva mwambie aache kupiga simu akiwa barabarani. Mama na Kidomo wanakusalimu. Baba atakusalimu akishaacha kununa.

Mungu akupe afya, na akuzidishie subira juu yangu. Kasirika, una haki hiyo. Lakini ukimaliza kukasirika, ukapiga magoti kusali, usiniombee nibadili nia. Niombee nafasi.

Akupendaye, asiyesikia la mtu,
Binti wa kaka yako.