Ladha ya Misumari

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia ukoo mzima, wa karibu na wa mbali, wanaonipenda na wanaonivumilia, kwamba mimi mdogo wako, fundi makochi, nimenunua aproni. Ina mfuko mbele na maua ya njano. Nimeivaa hata sasa ninapokuandikia, na ndevu zangu zote bado zipo.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Shemeji naye hajambo na lile goti lake? Watoto wanasemaje? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Wifi yako ameketi hapo sebuleni, ananicheka ninavyouma kalamu.

Barua yako niliipata. Unasema Mama amekuhadithia jinsi nilivyobuni chakula kwa mapenzi makubwa mpaka mgonjwa wangu akainuka kitandani, nawe unataka mapishi hayo uyapeleke kwenye jiko la shule. Dada, wewe unayepikia shule nzima kwa mwiko mrefu kuliko mimi, leo unaniomba mimi mapishi? Ningekupigia simu, lakini ungecheka kabla sijafika katikati, nami nataka uyasikie yote.

Unajua tulikotoka. Baada ya operesheni ya tumbo, wifi yako alirudi nyumbani na dawa zilizomharibia ulimi. Kila alichokula kilikuwa na ladha ya misumari. Wengine walidhani anadeka. Mimi ninayebana misumari midomoni kutwa nzima nikivalisha makochi vitambaa nilimwelewa, maana ladha ile naijua, na hailiwi. Akakonda hadi pete ikawa inamvuka. Daktari akasema tukirudi kliniki uzito ukiwa umeshuka tena, watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Wifi yako huitazama sindano kwa dharau, lakini mpira ule aliuogopa. Tulipotoka pale alinishika mkono, akaniomba nisikubali.

Ndipo nikaingia jikoni, mahali ambapo zamani nilikuwa napita kuulizia chakula tu. Mkate wangu wa kwanza ungefaa kujazia kiti cha kochi, na ningekitolea dhamana. Uji wangu uliungua na bado ukawa mbichi, jambo ambalo wifi yako alisema, kwa kasauti kadogo, kwamba linahitaji kipaji. Sikukoma. Nikakuna karoti, nikazikamulia ndimu. Papai nikalinyunyizia chumvi na pilipili. Samaki nikamchemsha na tangawizi mpaka mchuzi ukamtoa machozi jirani. Kila sahani nilimpelekea kitandani, nikakaa kwenye kigoda, nikamwangalia mdomoni. Alimeza vijiko viwili vya kunipoza roho, akaisogeza sahani, akasema ahsante fundi, kimependeza. Kimependeza! Kama kwamba nimemletea kochi.

Lakini nilipatwa na jambo nisilolitegemea. Nilianza kupenda. Nilipenda vitunguu vinavyoanza kwa kelele kisha vikatulia, na harufu inavyobadilika tangawizi ikigusa mafuta. Sokoni nikawa nanusa majani nisiyoyajua, hata muuza mboga akanibatiza jina la Mwali. Karakanani nikawa nashona huku nawaza karoti ikikutana na nazi watasalimianaje. Siku moja nikajikuta napiga mluzi jikoni, nikanyamaza ghafla kama mtu aliyecheka msibani. Mgonjwa yuko chumba cha pili, mimi napiga mluzi.

Sasa hayo mapishi. Nilipokuuliza maharage yanapikwaje, ulinijibu kwa ujumbe wa simu: "Yakishaiva, unga na vitunguu." Wewe mpishi ulimaanisha niyaunge, yaani niyakaange kwa mafuta na vitunguu. Mimi nikasoma unga, ule wa ngano. Nikamwaga kikombe kizima, nikatupia vitunguu vibichi, nikakoroga. Ikawa gundi. Na kwa gundi, dada, mimi ni mtaalamu. Ile ilikuwa ya daraja la kwanza. Kuimwaga niliona haya, basi nikaifinyanga vidonge bapa na kuvitosa kwenye mafuta ya moto, nione vitakufaje. Vikageuka rangi ya mbao iliyopigwa vanishi. Nje ukoko unaolia ukiuma, ndani laini.

Na hapa ndipo nilipomdanganya Mama. Nilimwambia nilivipanga vizuri kwenye sahani, nikampelekea mke wangu, nikamlisha kwa mkono wangu. Sivyo.

Dada, nilimsahau. Nilionja kimoja, nikaona kinataka chumvi. Nikaonja cha pili, nikakitilia pilipili. Nikasimama pale jikoni nakula, vidole vinaungua, napiga mluzi na mdomo umejaa. Kwa kitambo kile sikuwa na mgonjwa, sikuwa na kliniki, nilikuwa na raha tu. Nilipogeuka kuchukua kingine nikamwona mlangoni, ameshika ukuta, shuka linaburuta. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nikaanza kujitetea kwamba hili ni jaribio tu, kwamba chake kinakuja. Akanikatiza.

"Unakula peke yako, fundi? Na mimi je?"

Nikamvutia kiti, akakikataa. Akala amesimama, kwa mkono, kama mimi. Kwa aibu niliyokuwa nayo sikuweza kumtazama. Nikakodolea macho karai la mafuta. Nikasikia ukoko unalia. Kisha nikaona mkono wake unapita mbele yangu kufuata kingine. Nikamuuliza kama misumari imekwisha. Akasema misumari ipo, hiyo haijaenda popote.

"Ila kila siku unaniangalia mdomoni kama unakagua mshono," akasema. "Leo umenisahau, nikapata nafasi ya kuona njaa."

Kliniki tumekwenda. Uzito haukushuka, umepanda kidogo, na mpira umebaki kabatini kwao. Siku hizi tunakula jikoni, wima, na mimi naangalia sufuria.

Kwa hiyo mapishi ndiyo hayo. Ukiwa na mtoto wa shule asiyetaka kula, mpe sahani, halafu mpe mgongo. Mama usimwambie, yeye anaipenda ile hadithi ya kulishwa kwa mkono, mwachie.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ujumbe wako ujao uweke maneno ya kutosha, lakini usizidishe, makosa mengine yanalika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Makochi