Safu ya Asili

Jumatatu, 7 Septemba 1992

Sura ya tatu ya ripoti yetu imeanza kwenda. Kinshasa wanataka tujibu: je, miji inaweza siku moja kuunganishwa kwa ordinateur, yaani kompyuta, na nyaya za simu? Na nani atalinda majina ya watu humo ndani? Simu yenyewe ya biro, hapa ofisini, imekufa tangu Juni! Lakini ordinateur moja tunayo, na ndani yake nyumba 3,112 za Likasi, na majina ya wenyewe — jaribio letu. Karani wetu Alphonse aliziingiza zote kwa vidole viwili.

Safu ya mwisho, "asili," niliiongeza mimi. Siku ile Alphonse aliniuliza: "Asili ya nini, Mama Élise? Minye nilizaliwaka hapa Shituru. Kasai ni kwa baba yangu, minye sijafikaka kule." Nikamwambia utafiti unataka kila kitu. Akaandika.

Alhamisi, 10 Septemba

Vijana barabarani tena, wanaimba watu wa Kasai warudi kwao. Chef wangu, mkuu wa biro, Eugène, ameingia na wanaume wawili. Majina yao hakuniambia. Anataka liste, orodha ya nyumba zote, ipangwe kwa asili, ichapishwe. Nikasema watu walitupa majina kwa ajili ya utafiti, si kwa jambo lingine.

"Élise, ile liste iko ya biro," akasema. "Na biro iko ya nani?"

Hakuna umeme tangu jana. Namshukuru Mungu — kwa giza! Wale wawili watarudi.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimeandika pendekezo la saba: majina yaliyokusanywa kwa kazi moja yasitumiwe kwa nyingine. Sentensi nzuri. Alphonse ameisoma, akacheka bila sauti.

"Karatasi yako ikifika Kinshasa, minye nitakuwa nimeshafika Mwene-Ditu, kule Kasai."

"Basi futa ile safu."

"Nifute? Bote banajua ni minye peke yangu najua hii mashini. Uniandikie kama umeniamuru, Mama. Mustari moja tu, na signature yako."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilifikiria kazi yangu, mama yangu mgonjwa, uso wa Eugène. Nikasema tungoje Jumatatu.

Tungoje!

Jumatatu, 14 Septemba

Umeme umerudi saa tatu. Imprimante, mashini ya kuchapa, nimeisikia nikiwa bado kwenye korido. Alphonse amekaa, Eugène amesimama nyuma yake. Kurasa arobaini na moja. Jina la Alphonse liko ukurasa wa tisa — nilimwona akilisoma. Kisha akatenganisha kurasa taratibu kwenye vitundu vyake, kama siku zote. Hakuniangalia.

Ijumaa, 18 Septemba

Shituru inawaka. Alphonse haji kazini. Eugène ameniuliza sura ya tatu itakwisha lini.

Jumapili, 27 Septemba

Niko gare, kituo cha treni. Naandika nimekaa juu ya godoro la akina Alphonse. Baada ya misa niliwaletea unga na mafuta kidogo. Familia mamia kwa mamia zinalala hapa kando ya reli, chini ya maturubai. Treni — hakuna anayejua lini. Asubuhi wamezika mtoto wa jirani yao. Alphonse amekonda. Kanisalimia kama tuko biro: "Bonjour, Mama."

Mke wake, Clotilde, alinikumbatia, akalia. Yeye ni Mubemba, kabila la hapa, angeweza kubaki. Hakutaka. Anasema majirani hawakuwauza, mmoja hata alificha watoto wao chini ya kitanda. Wale vijana hawakuwa wa mtaa ule. Hawakuuliza mtu. Walikuwa na karatasi, wakaja mpaka mlangoni moja kwa moja.

"Mama Élise, weye unatumikaka mu mambo ya makaratasi. Nani alibaandikia nyumba yetu?"

Nilimtazama Alphonse. Kumbe hakumwambia! Wala habari yangu, wala yake mwenyewe. Akachukua bidon, akaenda kutafuta maji.

Nikafungua mdomo. Palepale masista wakaita watu wa uji. Clotilde akainuka na sahani.

"Uningojee hapa. Nikirudi utanielezea."

Mstari ni mrefu. Ningeweza kuondoka, hakuna anayenishika. Nimebaki juu ya godoro. Nimejaribu kupanga maneno — kila nikianza, naanza na Eugène, na mashini, na wale wawili. Sianzi na mimi.

Amepokea. Anakuja polepole, ameshika sahani kwa mikono miwili uji usimwagike, na ananitafuta kwa macho.