Nyasi za Clifford

Shoga, upo? Clifford amekanyaga nyasi zake leo asubuhi, na zimeganda kwa baridi.

Clifford huyuhuyu! Aliyemfokea mchungaji Krismasi, "Pita pembeni, ukizikanyaga zimeganda zinakufa!"

Leo kapita katikati na ndala, anasukuma mashine ya kukatia. Januari, katikati ya baridi ya huku, shoga! Kila mwaka haitoi mpaka Machi.

Nikamuuliza, "Mume wangu, unafanya nini?"

Akasema, "Nataka baba akirudi kutoka kazini akute nimeshazikata."

Baba akirudi kutoka kazini. Baba mkwe tulimzika miaka thelathini iliyopita.

Nyayo nyeusi bustani nzima. Nazitazama tu, hata kulia siwezi.

Maana aliniangalia kwa adabu, kama mtoto. "Shikamoo mama. Wewe ndiye jirani mpya?"

Mume wangu huyo, shoga.

Nikaitikia marahaba.