Baritoni Katika Duka la Leso

Mdogo wangu Mwakio,

Pokea salamu za kaka yako kutoka joto la Mombasa, nilikokuja kutembea kwa siku chache. Watu wengi hukosea wakidhani kwamba mwanamume asiyefikia nota za juu za teno, wala kushuka chini kabisa na besi, hana sauti. Anayo, ni ya katikati, na huitwa baritoni.

Leo nimeisikia Biashara Street, nilipokwenda kumnunulia shemeji, mkeo, leso. Mwenye duka alikuwa akicheza rekodi ya mwimbaji mkuu wa opera, aliyefariki kabla sisi hatujazaliwa. Aliimba Kitaliano, nami sikuelewa hata neno. Lakini sauti yenyewe ilikuwa pana na tulivu, kama mzazi anayemsihi mwanawe arudi nyumbani.

Mama mmoja mteja akamtania mwenye duka, "Bwana, wauza leso ama wauza huzuni?"

"Huzuni natoa bure, bibi. Wewe chagua leso!"

Hakuchagua. Alisimama na leso mkononi mpaka wimbo ukaisha. Nikaomba urudiwe, na yule bwana akaurudia bila kinyongo, Mungu ambariki.

Nilikuwaza wewe. Tangu teno ikushinde umeacha kwaya, ukisema sauti yako imekufa. Mbona mimi huisikia ukiwaimbia wajukuu? Imeshuka tu, ikatua mahali pazuri, nami namshukuru Mungu kwamba nimezeeka karibu nayo.

Wabusu watoto wote. Ukimaliza kusoma kadi hii, vaa viatu uende mazoezi ya kwaya leo.