Santuri ya Bwana Eustorgio Kutupwa Mtandaoni

Kikao cha dharura cha Chama cha Wenye Pikó (Maspika ya Dansi), mtaa wa Olaya, Cartagena. Jumapili, 9 Juni 2019, uwani kwa Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA: Bi. Nohemí Caraballo (Mwenyekiti), Bw. Eustorgio Pájaro, Bw. Wilfrido Terán, Delcy Batista (Katibu).
HAKUHUDHURIA: Mweka Hazina, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao huku Bw. Eustorgio ameshaanza kusema. Aliombwa akae. Hakukaa.

KUMB. NA. 2/2019: MALALAMIKO
Bw. Eustorgio alieleza kwamba santuri yake ya Kiafrika, ambayo hakuna pikó nyingine iliyo nayo, ilirekodiwa kwa simu dansini na kutupwa mtandaoni. "Watu wanaipiga jikoni wakikaanga ndizi! Nani tena atakuja kucheza kwangu?" Alitaka Bw. Wilfrido afukuzwe.

Bw. Wilfrido alikiri. Alisema mtandaoni zimo sauti za dunia nzima, hata za vyura, isipokuwa za Olaya. "Ukifa, mzee, utazikwa nayo?" Aliitwa mwizi. Mama yake naye alitajwa, kwa maneno ambayo Katibu hatayaandika.

KUMB. NA. 3/2019: UJUMBE
Bw. Wilfrido alisoma ujumbe ulioachwa chini ya rekodi hiyo na mama mmoja wa Kinshasa. Anadhani anayeimba ni marehemu baba yake, ambaye familia haina hata wimbo wake mmoja. Ila kuna mtu anapiga kelele juu ya wimbo, hasikii vizuri. Anaomba tu jina lililoandikwa kwenye santuri.

Wote walimgeukia Bw. Eustorgio. Alikaa. Alieleza kwamba jina alilikwangua kwa kisu siku aliyoinunua kwa baharia, kama tufanyavyo wote, wapinzani wasije wakaisaka. Mwenyekiti aliuliza lilikuwa jina gani.

"Sikulisoma, dada. Niliogopa nikilewa nitalitaja."

Hakuna aliyecheka, hata Bw. Wilfrido.

KUMB. NA. 4/2019: UAMUZI
Bw. Wilfrido alisema imebaki njia moja: kuiweka mtandaoni santuri yenyewe, nzima, bila kelele, yule mama asikilize mwenyewe. Mwenyekiti alionya kwamba hapo Bw. Eustorgio hatabaki na chochote cha peke yake.

Bw. Eustorgio aliuliza kelele hizo ni za nani. Aliambiwa ni zake, akijitangaza kwa kipaza sauti, "Eustorgio! Eustorgio!", wimbo mzima.

Kisha alimtupia Bw. Wilfrido funguo za nyumbani kwake. "Kaichukue, urekodi upya. Mimi nimeshasikika vya kutosha."

Kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni. Hoja ya kufukuzana haikupigiwa kura, kwa kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa walikuwa wameshaondoka pamoja.

N. Caraballo, Mwenyekiti ..............
D. Batista, Katibu ..............